Nyuki wa Ukutani na Saruji Niliyoikoroga Mwenyewe

Walisema nyuki wakishamuuma mtu na mtu huyo akapona, hawamsahau. Siku wakihamishwa kutoka mahali pao, hawaondoki mpaka wamtafute wamuage. Na nyuki haagi kwa kushikana mikono.

Neno hilo nililipokea kwenye ngazi, nikiwa na ndoo ya maji, kutoka kwa jirani yetu wa chini ambaye sote tunamwita Fundi Cherehani. Nilimcheka. Nikapanda na ndoo yangu, nikafika juu nusu imemwagika, na tangu hapo sikupata usingizi wa maana. Leo neno hilohilo linatembea jengo zima, na safari hii lina ushahidi. Ushahidi huo niliutengeneza mimi, kwa nusu mfuko wa saruji. Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, maneno makubwa sina, lakini mama mwenzangu ukivumilia mpaka chini utanielewa.

Tunakaa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani. Hapo awali lilikuwa ghala na ofisi, sasa ni vyumba vya kupanga. Kuta zake ni nene, ukikaa dirishani unaweza kukunja miguu ukashona. Kila anayekuja hugonga ukuta kwa kiganja na kusema, "Hawa walijenga!" Asichojua ni kwamba unene wote ule si matofali. Katikati kuna uwazi, umepita toka chini mpaka kwenye paa. Nyuki walilijua hilo kabla yetu.

Walikuwa wanaingilia kwenye tundu la ukubwa wa mdomo wa chupa, nje kwenye ujia unaopita mbele ya milango yetu, kimo cha bega. Wamekaa humo miaka mingapi, hakuna ajuaye. Ukimlalamikia msimamizi wa jengo anakujibu, "Wale ni wapangaji wa siku nyingi kuliko wewe, mama, na hawajawahi kunipigia simu kuhusu maji."

Nisingewajali. Lakini nina binti mmoja, ana miaka kumi na miwili. Tunamwita Karani kwa sababu ana kidaftari na kila kitu anaandika, hata nilichosema kwa hasira. Mwaka jana nyuki mmoja, mmoja tu, alimuuma shingoni uwanjani shuleni. Nilipoitwa nilikuta macho yamefumba, midomo imejaa, kifua kinapiga filimbi. Zahanati iko mitaa miwili tu kutoka shule, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Daktari akaniambia, "Mama, mwili wa huyu mtoto unagombana na sumu ya nyuki. Akiumwa tena inaweza kuwa mbaya kuliko leo. Usisubiri uone itakuwaje. Mlete hapohapo."

Sasa fikiria, mtoto huyo kila anapotoka nyumbani lazima apite mbele ya tundu lile. Nikawa namvalisha koti la mvua la baba yake, kofia imefungwa mpaka puani, jua linawaka.

"Mama," aliniambia siku moja, "watu wananiuliza kama mvua inanyesha kwangu peke yangu."

"Waambie ndiyo."

Mwisho nikaenda kwa msimamizi nikamwambia, ama nyuki ama sisi. Akaita kikao kwenye ngazi. Mmoja akasema wamwagiwe mafuta ya taa. Mwingine akasema dawa ya mbu, chupa mbili. Wa tatu akataka matairi yachomwe chini ili moshi upande. Halafu msimamizi akauliza, asali itakuwa ya nani? Hapo kikao kikapata uhai. Wa ghorofa ya pili wakasema waanze wao. "Kwa nini muanze nyinyi?" akauliza Fundi Cherehani. "Asali huwa inatiririka kwenda juu?" Tuliachana bila kukubaliana namna ya kuwatoa nyuki, lakini sufuria zilikuwa zimeshapangwa foleni.

Msimamizi akapata namba ya mrina asali mmoja, aliyekuwa zimamoto akastaafu. Wanamwita Mzee Moshi. Alikuja Jumanne na glasi ya kunywea maji mfukoni. Alipofika kwenye tundu alivua kofia akasema, "Hamjambo wenyewe?" Sisi tukaitikia. Akageuka akatuangalia kama tuliomkata kauli. "Nitawasalimu na nyinyi, ngojeni." Akabandika mdomo wa glasi ukutani, sikio akaliweka kwenye kitako chake, akasogea, akasikiliza, akasogea tena, akawa anaweka alama za chaki. Alama zilifika kimo cha mlango.

"Ni wengi," akasema. "Na wametulia. Nitakuja Jumamosi. Lazima nitengeneze mzinga wa kuwatia, na Ijumaa nina kazi nyingine."

"Jumamosi ni mbali, mzee," nikamwambia. "Nina mtoto anayevimba."

"Wamekaa miaka, hawataharibika kwa siku nne. Mtoto apitie mbali nao kidogo, asiwakimbie, hakuna atakayemfuata. Ila nawaomba kitu kimoja: msiguse tundu. Msimwage kitu, msipulize kitu, msizibe. Mlango wao ni ule, na wakiwa na mlango wao hawana haja na wenu."

Karani alikuwa na kidaftari chake. "Shikamoo, mzee. Je, wakiingia chumbani?"

"Marahaba. Waingie kwa nini?"

"Lakini je, wakiingia?"

"Wewe, usiite balaa!" nikamkemea.

Mzee akamjibu. "Nyuki aliyeingia ndani kapotea, hana ugomvi na mtu, anatafuta mwanga tu. Zima taa, vuta pazia pembeni, wafungulie dirisha, kisha kaa mbali na hilo dirisha. Usipige, usipunge mikono." Karani akaandika. Mimi sikuandika, nilikuwa nahesabu siku.

Jumatano ndiyo siku nilipokutana na Fundi Cherehani na lile neno lake. Wakihamishwa, wanaaga. Nililigeuza jioni nzima. Nilijua ni upuuzi. Lakini kila nikimwangalia mwanangu amelala, shingo wazi, upuuzi unapata akili. Nikajiuliza: kama kuhamishwa ndiko kunakowafanya waage, si afadhali wasihamishwe? Wakae humohumo, ila wasitoke tena.

Mume wangu ni mwashi, na hapa ndipo makosa yetu ya nyumbani yanapoanzia. Kwetu sisi kila tatizo lina dawa moja. Panya? Ziba. Upepo? Ziba. Siafu, mvua, sauti ya redio ya jirani? Ziba. Nyumba nyingine huwa na nusu mfuko wa sukari, yetu ina nusu mfuko wa saruji nyuma ya mlango. Sikumwambia mume wangu. Angesema ngoja nikirudi, na mimi sikuwa na nafasi ya kungoja.

Alhamisi asubuhi, shule zikiwa zimefungwa na baba mtu ameshatoka kwenda kazini, nilimwamsha Karani mapema kabla nyuki hawajaanza safari zao. Nikamwambia akae chumbani kwake. Chumba chake nilikiona ndicho salama kuliko vyote, kwa kuwa dirisha linaangalia nyuma, mbali kabisa na ujia. Dirisha nikalifunga na kulizungushia mkanda wa gundi. Chini ya mlango nikasokomeza taulo mbili zenye maji. Mlango nikaufunga kwa ufunguo.

"Mama, kuna nini?" akauliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu. Soma."

"Na taulo za nini?"

"Za nini nini? Soma, wewe!"

Nikavaa ovaroli ya mume wangu, juu yake koti la mvua, juu yake chandarua nilichokifunga shingoni. Nikakoroga saruji kwenye karai, nzito, kama nilivyomwona akikoroga. Nikatoka kwenye ujia, nikasukuma matambara tunduni, nikapiga saruji ya kwanza, nikapiga ya pili, nikasawazisha kwa mwiko, nikamalizia kwa brashi yenye maji. Hakuna nyuki hata mmoja aliyenigusa. Nilijiona jasiri, sitakudanganya.

Msimamizi alipita. "Mama Karani, umeanza kupaka rangi?"

"Naziba."

"Si Mzee Moshi alisema..."

"Mzee Moshi halali hapa."

Akaitazama saruji. Kisha akasema, "Na asali?" Nikakusanya mwiko na karai.

Nikaingia ndani, nikajimiminia chai, chandarua changu kingali kichwani. Ukuta ulikuwa unavuma, lakini nikasema moyoni, waache wavume, mlango hawana. Na kweli hawakuwa nao. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Ukuta una pande mbili, mama mwenzangu. Mimi niliushughulikia ule wa ujia. Ule wa pili ulikuwa ukuta wa chumba cha Karani. Dirisha lake linaangalia nyuma, ndiyo, lakini swichi ya taa iko kwenye ukuta uleule wa nyuki, na bomba la nyaya lililopitishwa ukutani enzi za ghala linatokea katikati ya ule uwazi.

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili nilipomsikia. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Mama. Wanatokea kwenye swichi. Usije mbio."

Mimi nikaenda mbio.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa gauni, gauni liko ndani ya ovaroli, ovaroli iko ndani ya koti. Nilivyovua nilivyovaa sijui. Nilipofungua, mlango hausogei. Zile taulo nilizozisokomeza zilikuwa zimejikaza chini yake kama kabari. Nikasukuma kwa bega, nikasukuma kwa kiuno, huku naita jina lake la ubatizo ambalo hatulitumii mpaka kuna hatari. Ndani kimya. Mlango ukaachia, nikaanguka na taulo moja mkononi.

Alikuwa amezima taa. Pazia alikuwa amelivuta pembeni. Kioo chote cha dirisha kilikuwa cha kahawia, kinatembea. Karani alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona ya mbali, shuka limemfunika kichwa mpaka magoti, mkono mmoja umetokeza ukishika pindo. Dirisha alijaribu kulifungua kama alivyoandika kwenye kidaftari, lakini mkanda wangu ulikuwa mzuri.

Kwenye ule mkono palikuwa na nyuki mmoja. Alikuwa anatembea tu, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

"Mama, mwache," akasema Karani kutoka kwenye shuka. "Ataondoka."

Nikampiga na taulo.

Akauma. Hapohapo kwenye kifundo cha mkono. Mle chumbani mlikuwa na nyuki wasiohesabika, wamekaa na mwanangu muda wote ule, na hakuna aliyemgusa mpaka mama yake alipokuja kumwokoa.

Nilimbeba. Amekuwa mrefu, miguu yake inanigonga magotini, lakini nilimbeba. Nikafunga mlango kwa ufunguo nyuma yangu, mazoea hayo, nikashuka ngazi nikiwa na ovaroli ya saruji na chandarua kinapepea. Watu walitupisha. Tulipofika zahanati midomo ilikuwa imeanza kujaa, na ile filimbi ya kifuani nikaisikia tena. Wakamchoma sindano. Filimbi ikaendelea. Daktari akaamuru ya pili, wakamwekea hewa puani, wakaniambia nisubiri nje. Nikasema sitoki. Muuguzi akaniambia, "Basi toa hicho chandarua, mama, unamtisha." Nikakitoa. Nikakaa nimeshika kidole chake kimoja, maana kwingine kote kulikuwa na mikono ya wauguzi.

Sijui ilichukua muda gani. Ninachojua ni kwamba filimbi ilianza kuwa ya mbali, halafu ikawa ya kusikiliza sana, halafu nikawa nasikiliza na haipo.

"Imekuwaje?" muuguzi akamuuliza.

Karani akaniangalia kwa yale macho yaliyovimba. "Nilimgandamiza bahati mbaya," akasema.

Sikumsahihisha.

Baba yake akafika kutoka kazini, vumbi mpaka kwenye kope. Wakati huo msimamizi alikuwa ameshampigia Mzee Moshi, na mzee ameahirisha kazi zake amekuja, lakini chumba hakifunguki. "Nenda ukamfungulie, mama," akasema Karani. "Ufunguo unao wewe." Nikaenda.

Mzee Moshi alikuwa amesimama mbele ya kazi yangu, kofia mkononi. "Nani fundi?" akauliza.

"Mimi."

"Imenyooka," akasema. Afadhali angetukana.

Alivaa vazi lake la wavu, akawasha kopo lake la moshi lenye mvukuto mdogo, akaingia chumbani kwa Karani akafungua dirisha. Wale wa kwenye kioo wakatoka, wakazunguka jengo, wakakusanyika ujiani mbele ya saruji, maana kwao walikumbuka ni pale. Mzee akabomoa plasta yangu kwa nyundo na patasi, kisha akatoa matofali, moja moja, kwa kufuata zile chaki. Anatoa tofali, anapuliza moshi kidogo, anangoja. Anaongea nao: "Samahani. Samahani, bibi. Pisha kidogo." Masega yalikuwa yamening'inia humo ndani marefu kama mikono ya shati kwenye kamba. Ya kando yamejaa asali, ya katikati yamejaa majana, yaani watoto wao. Alikuwa anakata sega zima bila haraka, analiegesha kwenye fremu ya mbao, analifunga lisianguke. Kamba zikamwishia. Fundi Cherehani, aliyekuwa amejificha kwenye kona ya ngazi na jicho moja nje, akashuka kwake akaleta lastiki za sketi.

Kisha akamwona malkia. Akamchukua kwa vidole viwili, taratibu, akamtia mzingani. Basi. Wale wengine wote, wa ujiani na wa ukutani, walianza kuingia wenyewe kwa miguu, wanapanga foleni kwenye mdomo wa mzinga. Hakuna aliyemtafuta mtu. Hakuna aliyeaga.

Majirani nao walikuwa wamepanga foleni yao, na sufuria.

"Asali je, mzee?" akauliza msimamizi.

"Inakwenda na wenyewe. Watoto wao watakula nini?"

Sufuria zilirudi juu na chini tupu. Hapo ndipo Fundi Cherehani aliponigeukia mbele za watu wote.

"Umeona? Si nilikwambia? Wamesikia wanahamishwa, wakaingia mpaka chumbani kwa mtoto. Katika vyumba vyote vya jengo hili! Walikuwa wanamtafuta."

Wakaitikia, eeh, eeh, kweli. Mzee Moshi alikuwa ndani anafunga mzinga, hakusikia. Mimi nilisikia. Nilitaka kusema, hakuna aliyewaambia habari ya kuhamishwa, niliwafungia mlango wao nikawaachia wa mwanangu. Lakini nilikuwa na saruji mpaka kwenye nyusi, na watu ni wengi. Nikasema tu, "Mungu mkubwa." Wakaelewa nimekubali.

Karani alirudi nyumbani siku ya pili. Mume wangu amejenga upya ukuta, safari hii uwazi wote ameujaza, na swichi ameihamisha. Alipoambiwa yote akasema, "Lakini ulipiga plasta vizuri," tukacheka mpaka nikalia.

Na hapo ningekunja karatasi. Lakini wiki iliyopita niliona watoto wa ghorofa ya pili wanaruka kamba uani, na Karani amekaa pembeni na kidaftari. Nikamuuliza mbona huchezi. Akasema wamekatazwa kusimama karibu naye. Mama zao wanasema nyuki wanamfuata, wanalijua jina lake, popote alipo watakuja.

"Na wewe umewajibuje?"

"Nimewaambia si kweli. Wakaniuliza, basi waliingiaje chumbani kwako? Sikutaka kukusema, mama."

Mtoto alivumilia sumu, sasa anavumilia na aibu yangu. Basi najisema mwenyewe. Karatasi hii naibandika kwenye ngazi, palepale nilipopokea lile neno, na nakala nampa mwalimu wake. Nyuki hawakumtafuta mwanangu. Niliwaingiza mimi, kwa saruji, mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo. Na aliyemfanya aumwe ni mimi, kwa taulo. Mruhusuni acheze.

Na kama una nyuki ukutani, haya ndiyo ya kuepuka:

Usizibe tundu lao. Watatafuta jingine, na huenda likawa ndani kwako.

Usimwage mafuta ya taa wala kupuliza dawa. Mzee Moshi anasema wakifia ukutani masega hubaki, asali huvuja, na wengine huja kuifuata.

Usichome tairi chini ya nyumba wanayokaa watu. Sikufikiri ningelazimika kuliandika hili.

Usimfungie mtoto chumbani kwa ufunguo kwa sababu yoyote.

Usizibe dirisha la chumba alimo mtu.

Usimpige nyuki aliye juu ya mtu. Mwache atembee.

Usikae na mtoto anayevimba bila kwenda kumwona daktari kabla hajaumwa tena. Sisi tumeandikiwa sindano ya kukaa nayo nyumbani. Iko kwenye kabati, rafu ya pili, nalo hilo kabati usilifunge kwa ufunguo.

Usigawane asali iliyo bado ukutani.

Usimwache mrina asali akangoja mlangoni na ufunguo unao wewe.

Usinyamaze watu wakisema uongo kuhusu mtoto wako, hata kama ukweli unakuumbua.